Jalizi la Toleo la Tano

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa kurasa mbili na nusu, na Inspekta aliyasoma kwa mara ya nne huku chai yake ikipoa mezani. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, na tayari miguu ilikuwa inamuuma kama ya mtu aliyemaliza siku.

*Mimi ndiye niliyetengeneza programu iliyoharibu majibu ya damu ya marehemu. Niliijenga Jumatatu nyumbani kwangu, nikaipeleka hospitali Jumanne asubuhi. Sikuipima vya kutosha. Hakuna mtu mwingine anayehusika.*

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomkaa kooni. Hakuna aliyemuuliza yule mwanamke aliyeyaandika kama kuna mtu mwingine.

"Shangazi, bado unalo tu hilo faili?"

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni. Kituo kizima kilimwita Inspekta kwa jina hilo, naye mkuu, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, alilizoea zamani.

"Ninalo."

"Mtu amekiri. Amesaini. Jumatatu anakwenda mahakamani, na wewe mwezi ujao unakwenda kupumzika. Unatafuta nini tena?"

"Nipe leo tu, afande."

"Mpaka saa kumi," alisema mkuu, akaondoka.

Kesi yenyewe ilisimuliwa kwa maneno machache. Mwalimu mstaafu, mgonjwa wa figo, alilazwa Jumatatu. Jumanne asubuhi alitolewa damu. Kompyuta ya wodini ilionyesha kwamba potasiamu yake, yale madini yanayouendesha moyo, imeshuka vibaya sana. Daktari aliagiza aongezewe kwa dripu. Saa tisa alasiri moyo wake ulisimama. Mabaki ya damu yake yalipopimwa upya ilionekana kuwa potasiamu haikuwa imeshuka hata kidogo. Ilikuwa juu tangu mwanzo, na dripu ikammalizia.

Mashine ya kupimia damu na programu ya kumbukumbu za wagonjwa hazikuzungumza moja kwa moja. Katikati yao kulikuwa na programu ndogo ya kupachikwa, programu-jalizi, ambayo wenye kazi waliiita jalizi tu. Ilichukua majibu upande huu na kuyaandika upande ule. Jalizi hilo lilikuwa la fundi mmoja wa kike aliyefanyia kazi nyumbani, mjane anayeitwa Mama Pacha. Jumatatu jioni hospitali ilihama kutoka toleo la nne la programu kwenda toleo la tano. Jumanne mwalimu akafa. Jumatano kila kidole kilimwelekea Mama Pacha, na Alhamisi yeye mwenyewe alikuja kituoni, akakiri, akaachiwa kwa dhamana kwa ajili ya watoto.

Mume wa mwalimu alikuwa seremala. Siku mbili mfululizo alikuja, akakaa kwenye benchi, akauliza kama kuna jipya, akaambiwa bado, akashukuru na kwenda zake. Shukrani hiyo ilimchosha Inspekta kuliko ngazi zote alizopanda wiki ile.

Aliacha chai, akachukua faili, akashuka chini kwa Miwani.

Miwani alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa polisi. Hakuwa amevaa miwani tangu afanyiwe upasuaji wa macho, lakini jina lilikuwa limeshamganda.

"Mimi mambo haya siyajui," Inspekta alisema, akivuta kiti. "Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu anayajua kuliko wewe, Shangazi."

"Basi nieleze kama unamweleza baba yako."

Miwani alicheka kidogo, akageuza skrini. "Programu kubwa ya hospitali inakuja imeshajengwa na wenyewe. Hulifungui wala hulibadilishi toleo rasmi, unalipokea kama kufuli kutoka kiwandani. Anayetengeneza jalizi anachonga ufunguo wa kufuli hilo. Maandishi yake anayapitisha kwenye chombo kinachoitwa kompaila, kinayageuza kuwa faili ambalo mashine inalielewa. Sasa, ili ufunguo ukae vizuri, lazima utumie kompaila ileile waliyotumia wenyewe, na vipimo vya toleo lilelile. Ukikosea, mara nyingi linakataa kupachikwa."

"Na lisipokataa?"

"Hapo ndipo pabaya. Linafanya kazi huku limekosea, na hakuna anayejua."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

"Kila kompaila huacha mhuri wake ndani ya faili," Miwani aliendelea. "Hili nililolitoa hospitali lina mhuri wa kompaila ya kumi na mbili. Kompyuta ya Mama Pacha tuliinakili yote Jumatano kabla ya kumrudishia. Ina kompaila ya tisa, basi. Na ya tisa ndiyo hasa waliyojengea toleo rasmi. Huyu mama ni mtu wa taratibu. Hiyo ya kumi na mbili hana, na hajawahi kuwa nayo."

"Labda ana kompyuta nyingine."

"Labda. Nenda kaangalie. Faili limejengwa Jumanne, saa moja na dakika arobaini asubuhi."

"Yeye anasema Jumatatu."

"Saa ya kompyuta inaweza kudanganya, sitaapia hiyo. Lakini kuna na hili." Aligonga skrini kwa kalamu. "Kompaila imeacha pia jina la kabrasha lilimojengewa. Kabrasha linaitwa *kwa-muda*."

"Kwa muda?"

"Ndivyo aliyelijenga alivyoliita. Kwa Mama Pacha hakuna kabrasha la jina hilo."

Inspekta alilitazama lile neno. Mtu anayetaka kuua haandiki kwamba ni kwa muda. Wala mtu wa taratibu haandiki hivyo.

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa ya vyumba vitatu, mlango wa mbele umepakwa rangi upya upande mmoja tu. Alifungua mama mkwe, mwanamke mwembamba aliyeshika soksi ndogo mkono mmoja akitafuta mwenzake.

"Wajukuu wako shule," alisema kabla ya kuulizwa. "Mkwe wangu yuko chumba cha kazi. Hajalala, mwanangu. Sema naye kwa upole."

Chumba cha kazi kiliwahi kuwa cha kulala. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili mafupi, na shimo la kitasa lilitumika kupitishia nyaya. Mama Pacha alisimama, akakaa tena. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na macho ya mtu aliyeacha kuhesabu usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una kompyuta ngapi?"

"Hii tu."

"Hakuna nyingine? Ya kazini, ya jirani, ya watoto?"

"Watoto wana miaka sita, afande."

Inspekta alikaa kwenye stuli na kunyoosha mguu wa kushoto. "Nataka unijengee lile jalizi. Kama ulivyolijenga Jumatatu. Mimi niko hapa naangalia."

"Nimeshaandika maelezo."

"Nimeyasoma. Nijengee."

Mama Pacha aliivuta kibodi. Vidole vilianza vyenyewe, kama vya mshonaji anayejua cherehani yake, na kwa dakika kadhaa Inspekta aliviangalia tu. Kisha aliuliza kama mtu anayepitisha muda tu.

"Unatumia kompaila gani?"

"Ya tisa."

"Nasikia kuna ya kumi na mbili. Si ndiyo mpya?"

"Mpya ni mpya, lakini haifai kwa kazi hii. Toleo rasmi limejengwa kwa ya tisa. Ukijenga lako kwa nyingine linaweza likapachikwa halafu likaleta mambo ya ajabu. Mimi sijawahi kuigusa."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayeijua kazi yake, na alipofika mwisho wa sentensi mikono ilikuwa imesimama.

"Lililokutwa hospitali limejengwa kwa ya kumi na mbili," alisema Inspekta.

Mama mkwe aliingia na vikombe viwili kwenye sinia, akaviweka taratibu kati ya nyaya.

"Nyie angalau mnakunywa," alisema. "Huyu mdogo wake marehemu mwanangu, tangu Jumanne chakula hakipiti. Anarudi kutoka hospitali, anajifungia ndani."

"Anaumwa?" Inspekta aliuliza.

"Anafanya kazi huko. Si ndiye wa kompyuta zao."

"Mama," alisema Mama Pacha kwa sauti ya chini, "tuache kidogo."

Bibi alitazama mmoja, akatazama mwingine, akatoka na sinia lake.

Inspekta alifungua daftari ukurasa wa Jumatano. Fundi wa kompyuta wa hospitali, kijana mrefu mwenye kigugumizi kidogo, alikuwa amemwambia maneno matano: *Mimi nilipachika tu nililoletewa, afande.* Hakusema kwamba aliyedaiwa kulileta ni mke wa kaka yake, na kwamba wanaishi nyumba moja.

"Shemeji yako," alisema.

"Mimi nimesaini."

"Najua."

"Basi, mama. Mwachie mtu mmoja awalee hawa watoto na bibi yao. Tangu kaka yake afe, ndiye anayewapeleka shule, ndiye anayempeleka mama kliniki. Mimi nakaa humu na mashine. Nikienda mimi, nyumba inabaki imesimama. Akienda yeye, inaanguka."

Inspekta alikuwa na maswali mengine matano ya kumbana. Hakuyatumia. Alikuwa amechoka kubana watu, na tena kulikuwa na jambo asilolielewa bado.

"Sikiliza," alisema. "Awe ni wewe, awe ni yeye, kuna mzee mmoja ataniuliza kitu. Mume wa yule mwalimu. Ataniuliza ile namba mbaya ilitoka wapi. Kompyuta iliitunga? Iliiokota hewani? Nionyeshe nimweleze."

Mama Pacha alifuta uso kwa kiganja. "Sijaangalia. Tangu Jumatano sijafungua kitu. Wenye programu walinitumia ramani ya toleo la tano, ule mchoro wa mpangilio wake, siku hiyohiyo. Ndiyo niliyokuwa naisubiri, ndiyo maana Jumatatu niliwaambia hospitali wanipe siku tatu." Aligundua alichosema, akaendelea hivyohivyo. "Ngoja niifungue."

Alizipanga ramani mbili ubavu kwa ubavu, ya nne kushoto na ya tano kulia.

"Kila jibu la mgonjwa ni kama kabati la droo. Jalizi halisomi jina la droo ya juu kabisa. Linaifungua tu kwa kuwa ni ya kwanza. Kwenye toleo la nne, droo ya kwanza ni namba ya sampuli, ya pili ni jina la kipimo, ya tatu ni jibu. Kwenye la tano..." Alisogeza kidole kwenye kioo. "La tano wameongeza droo. Wameiweka juu kabisa. Ni namba ya sampuli iliyotangulia, ili mashine ijue kama damu ya mtu wa kwanza imemchafulia wa pili. Zile nyingine mbili jalizi linazijua kwa alama zake, hizo hazina shida. Ila ya kwanza..."

Kidole kilibaki kwenye kioo.

"Ila ya kwanza nini?"

"Jalizi la zamani likifungua droo ya kwanza linadhani limepata namba ya mwenye damu. Kumbe limepata namba ya aliyemtangulia." Aligeuka. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni. "Afande, namba ile haikuharibika. Ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa ya mtu mwingine. Ya aliyekuwa nyuma ya mwalimu kwenye foleni."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Potasiamu imeshuka kiasi kile," Mama Pacha alisema, "na kompyuta imemwandikia majibu ya mtu aliyemfuata. Labda yalikuwa mazuri. Labda wamemwambia yuko sawa."

"Tangu Jumanne."

"Tangu Jumanne."

Kwenye simu, mkuu wa maabara alijibu kwa uchovu kama wa Inspekta mwenyewe. Hapana, hawakuwapima tena wagonjwa wa Jumanne. Majibu ya wengine yalionekana ya kawaida, na walidhani limeharibika moja tu. Ndiyo, mashine ina kumbukumbu yake, na kitabu cha foleni kipo. Vimo chumba cha kompyuta.

"Basi angalia, dada. Sasa hivi."

"Chumba mmekifunga ninyi, afande. Mlangoni kuna utepe wenu na saini yako."

Inspekta alikata simu. Mama Pacha alikuwa ameshasimama, anavaa viatu.

"Alijenga yeye," alisema akiwa ameinama. "Asubuhi ya Jumanne. Alikuja kuniambia jioni, baada ya kusikia mwalimu amefariki. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Twende, mama."

Chumba cha kompyuta cha hospitali kilikuwa stoo ya mashuka hapo zamani, na bado kilinuka sabuni. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi karibu na mlango uliofungwa, kana kwamba ameajiriwa kuulinda. Aliwaona wakija pamoja, akasimama taratibu.

"Shemeji, nimesema," alisema Mama Pacha.

Yule kijana alimtazama, akatazama chini. Mabega yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hana hakika kama ni wake.

Inspekta aliukata utepe kwa wembe wa kunolea penseli, katikati ya saini yake mwenyewe. "Washa," alimwambia. "Huku unawasha, unanijibu. Ulilijenga wapi?"

"Ha-hapa. Kwenye hiyo."

"Kwa nini?"

"Jumatatu la zamani lilikataa. Likaandika, hili si la toleo hili. Shemeji akasema siku tatu. Jumanne asubuhi walinipigia simu mara kumi na moja, afande. Wauguzi wanabeba majibu kwa karatasi, karatasi zinapotea, damu inaharibika mezani. Matroni akaniuliza kama nasubiri mtu afe."

Mashine ilikuwa inaamka, feni zake zikivuma.

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na maandishi ya shemeji kwenye flashi. Nikayapitisha kwenye kompaila niliyokuwa nayo. Likakataa tena. Nikabadilisha namba ya toleo, nne ikawa tano. Likakubali."

"Ulipima?"

"Nilipima mara tatu. Nilichukua sampuli moja, nikaipitisha mara tatu. Ya kwanza ilikuja tupu, nikadhani mashine haijapata moto. Ya pili na ya tatu zilikuja sawasawa kabisa."

Mama Pacha alifumba macho. "Sampuli moja," alisema. "Iliyoitangulia ilikuwa ni yenyewe. Lazima ingekuja sawa."

Fundi aliyarudia maneno hayo kwa midomo bila sauti. Inspekta aliona jinsi yalivyomwingia, akageukia kitabu cha foleni kabla hayajamfika mwisho.

"Mwalimu ni sampuli ya kumi na saba," alisema mkuu wa maabara, aliyekuwa amefika akihema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. "Ngoja. Mashine yenyewe inasema... kumi na saba, potasiamu juu. Kumi na nane..." Alisita. "Hii hapa. Ndiyo ile."

"Ni nani kumi na nane?"

"Mwanamke, miaka arobaini na mitatu. Mpishi wa bweni la wanafunzi. Aliletwa kwa kutapika na kuharisha." Aligeuza ukurasa. "Aliruhusiwa Jumanne saa kumi jioni. Majibu yake yalionekana mazuri."

"Wengine?"

"Nitawapitia wote, mmoja mmoja. Huyu ndiye mbaya."

Namba ya simu iliyoandikwa haikupatikana. Anwani ilikuwa mtaa wa nyuma ya maghala. Inspekta alichukua muuguzi mmoja na gari la wagonjwa, na kabla ya kutoka alimwambia fundi asiondoke.

"Niende wapi?" alijibu yule kijana. Alikuwa hajakusudia mzaha.

Walipoteza dakika ishirini kwenye mtaa ambao nyumba zake zilikuwa na namba mbilimbili, za zamani na za mpya. Mwishowe mwanamke anayeanika nguo aliwaelekeza kwa kidevu. Dada wa mpishi alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi, akaona sare, akasimama katikati ya mlango.

"Dada yako yupo?"

"Amelala. Kuna nini?"

"Anajisikiaje?"

"Amechoka tu. Tangu atoke hospitali hana nguvu. Jana ndoo nusu imemshinda. Nimemwambia ni uvivu wa kuzoea kulala wodini." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Asubuhi hii hakuamka kabisa."

Mpishi alikuwa amelala chali juu ya kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya mtu wa masufuria makubwa, na mikono hiyo ilikuwa imelala pembeni yake kama si ya kwake. Macho yalimfuata Inspekta tangu mlangoni.

"Polisi mpaka kitandani," alisema kwa sauti nyembamba. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama. Majibu yako ya damu yalikwenda kwa mtu mwingine. Tumekuja kukuchukua."

"Miguu haisikii. Naiambia iinuke, haisikii."

Muuguzi alikuwa ameshashika kifundo cha mkono wake, anahesabu kwa kutazama saa. Alihesabu, akaacha, akaanza tena. Kisha aliinua uso na kumwambia dereva alete machela, na alilisema hilo kwa utulivu uliomfanya Inspekta atoke nje na kuwapisha.

Saa tisa na nusu daktari wa zamu alitoka wodini akiwa ameshika karatasi ndefu yenye mistari ya mapigo ya moyo. Aliitazama mara mbili kabla ya kusema.

"Tumewahi. Dripu inaingia polepole, na tumepima damu yake kwa mkono, mara mbili. Lakini moyo ulikuwa umeanza kuruka. Jumatatu isingemkuta."

"Atapona?"

"Atapona. Atapika tena."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Shangazi, saa kumi hiyo inakuja. Amekana?"

"Hapana, afande. Sasa wanaokiri wako wawili."

"Wote wawili hawawezi kuwa wamelijenga."

"Aliyelijenga ni mmoja. Nitakueleza nikifika. Na yule seremala akija, nakuomba mtu asimwambie bado. Nitamweleza mwenyewe."

Aliwakuta Mama Pacha na shemeji yake kwenye benchi la korido, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Fundi alikuwa na kurasa nne mapajani. Aliziandika mwenyewe, bila kuambiwa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na saini.

"Yuko hai," Inspekta aliwaambia. "Mpishi. Anaendelea vizuri."

Fundi aliinamisha kichwa mpaka magotini na kukaa hivyo. Mama Pacha alimwekea mkono mgongoni. Inspekta aliketi upande wa pili, akauachia mguu wa kushoto, akafungua daftari.

"Wewe umedanganya polisi," alimwambia Mama Pacha. "Kama isingekuwa ile ramani, tungemzika yule mpishi pia. Hilo lina sheria yake, na nitaliandika."

"Liandike."

"Ulilifanya kwa sababu ya watoto na mama mkwe?"

"Hiyo ni sababu." Alikuwa anatazama ukuta wa mbele, uliochakaa kwa migongo ya wanaosubiri. "Kuna nyingine. Umeandika alivyobadilisha namba, nne ikawa tano?"

"Ameandika mwenyewe."

"Hakukuuliza alijifunzia wapi?"

Inspekta aliacha kuandika.

"Mwaka jana," alisema Mama Pacha, "hospitali ilitoka toleo la tatu kwenda la nne. Pacha mmoja alikuwa na homa, na mimi nilikuwa na haraka. Sikusubiri ramani. Nilibadilisha namba tu, tatu ikawa nne. Bahati droo hazikuwa zimebadilika, likafanya kazi mwaka mzima. Shemeji alikuwa amekaa pembeni yangu anaangalia. Nikamwambia, unaona? Kazi ya dakika mbili."

Kule mwisho wa korido mtu alikuwa anasukuma ndoo ya kupigia deki, na gurudumu moja lilikwama, likakwama tena. Inspekta alipindua ukurasa hadi mweupe. Hapakuwa na fomu ya jambo kama hilo, na hakujua mwendesha mashtaka atalifanyia nini.

"Tuanze upya," alisema. "Tuanzie hapo. Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa tatu. Tarehe siikumbuki."

"Ilikuwa Alhamisi," alisema shemeji yake, bado ameinama.

Mama Pacha alifikiri.

"Ndiyo," alisema. "Ilikuwa Alhamisi."